Kesho Iliyokwisha Kusimuliwa: Mvuto wa Fasihi ya Nchi za Kubuni kwa Msomaji wa Kitui na Makueni

UTANGULIZI

Fasihi inayosawiri jamii zilizoharibika, tawala zinazowameza raia wake na nyakati ambazo bado hazijafika imeendelea kuwa na wasomaji kwa zaidi ya karne moja, na haielekei kuwapoteza. Katika uhakiki wa Magharibi mvuto huo aghalabu hufafanuliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni onyo: msomaji huonyeshwa mwisho wa njia anayoifuata ili ageuke mapema. Ya pili ni kitulizo: msomaji huyatazama maafa ya wengine akiwa salama kitini pake, kisha hufunga kitabu na kuikuta dunia yake ingali ilivyokuwa. Maelezo haya mawili yanapingana kwa mengi, lakini yanaegemea dhana moja, nayo ni kwamba maafa yanayosimuliwa hayajamfika msomaji mwenyewe.

Makala haya yanaitilia shaka dhana hiyo. Kaunti za Kitui na Makueni, katika nyanda kame zilizo mashariki ya Nairobi, zina historia ambamo maafa ya jamii nzima si jambo la kukisiwa bali ni sehemu ya kalenda. Swali linaloulizwa hapa ni hili: msomaji aliyelelewa katika mapokeo ya Wakamba hukuta nini katika riwaya na tamthilia za Kiswahili zinazosawiri nchi zisizokuwapo na nyakati zisizofika? Jibu linalopendekezwa ni kwamba mvuto wake hautokani hasa na kuonywa wala kutulizwa, bali na kutambua. Kwa msomaji huyu kesho ya kutisha ni jambo lililokwisha kusimuliwa, na kazi ya mwandishi ni kulisimulia upya kwa namna itakayomwezesha kulitendea kitu.

Msomaji anayezungumziwa si mtu fulani. Ni msomaji kwa maana inayotumiwa na Hans Robert Jauss katika nadharia ya upokezi, yaani jumla ya matarajio ambayo jamii huyaleta mbele ya matini kutokana na tanzu inazozijua tayari. Upeo huo wa matarajio hautokani na vitabu peke yake. Katika Ukambani hutokana pia na ngano za mazimwi, na masimulizi ya unabii, na majina ya njaa. Mhakiki anayeisoma riwaya mpya ya Kiswahili bila ya kuzingatia hazina hiyo hujikuta akiita ngumu au ngeni kazi ambayo msomaji wake ana nyenzo za kuifahamu.

MBITI NA SWALA LA KESHO

Hoja hii haiwezi kuanza pasipo kupitia kwa John Samuel Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, na kufariki mwaka 2019. Katika African Religions and Philosophy (1969) Mbiti alidai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una pande mbili tu zenye uzito: ule uliopo pamoja na uliopita karibuni, na ule uliopita zamani sana. Ni jambo la kuvutia kwa mwanafunzi wa Kiswahili kwamba pande hizo mbili alizipa majina ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Wakati ujao, kwa maoni yake, haupo isipokuwa kama mwendelezo mfupi wa mambo yaliyo mbioni kutokea, kwani jambo ambalo halijatukia halijawa sehemu ya wakati. Ushahidi wake mkuu ulikuwa nyakati za vitenzi vya Kikamba, lugha yake ya kwanza, pamoja na Gikuyu. Alionyesha kwamba vitenzi hivyo haviendi mbele zaidi ya miezi michache, au miaka miwili kwa upeo wa mbali kabisa. Katika kazi yake ya mwaka 1971 kuhusu mafundisho ya siku za mwisho katika Agano Jipya aliirejelea jamii hiyo hiyo ya Wakamba kwa kina zaidi.

Dai hilo lilikabiliwa na upinzani mkali. Kwame Gyekye, mathalan, alilipinga mwaka 1987 kwa ushahidi wa lugha na fikra za Waakan wa Ghana. Wengine walisema kwamba muundo wa vitenzi hautoshi kuwa kipimo cha upeo wa fikra za watu. Mkulima anayepanda mwembe atakaokula mjukuu wake anaijua kesho ya mbali hata kama kitenzi chake hakina kiambishi cha kuitaja. Upinzani huo una nguvu, na makala haya hayakusudii kumtetea Mbiti dhidi yake.

Hata hivyo kwa mhakiki wa fasihi dai hilo lina thamani ya aina nyingine. Likichukuliwa kama lilivyo, basi fasihi ya wakati ujao ni mmea wa kigeni katika udongo wa Kitui, na msomaji anayeipenda ameipenda kwa kufundishwa shuleni. Likigeuzwa kidogo, linafungua mlango mwingine. Iwapo Zamani ndiyo hazina inayoaminika, basi kesho inayotaka kusadikiwa haina budi kuwekwa humo kwanza. Itasimuliwa kama jambo lililokwisha kusemwa na mtu aliyekwisha kufa. Utanzu wa namna hiyo upo katika Ukambani, nao ni unabii.

SYOKIMAU NA UTANZU WA UNABII

Syokimau, nabii mwanamke wa Wakamba, anasimuliwa kuwa aliishi kabla ya kuja kwa Wazungu. Inasimuliwa kwamba aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka maji hadi maji, na watu wa rangi ngeni ambao usemi wao ulifanana na sauti za ndege, na ambao walichukua moto mifukoni mwao. Nyoka alifasiriwa kuwa reli itokayo Bahari ya Hindi kwenda Ziwa Viktoria, na moto wa mfukoni kuwa kiberiti. Masimulizi haya yanajulikana kotekote Ukambani na yameingia katika vitabu vya shule nchini Kenya.

Mwanahistoria atauliza kama maneno hayo yalisemwa kweli kabla ya reli, ama yalipangwa baada yake. Swali hilo ni halali, lakini mhakiki wa fasihi ana swali lake: utanzu huu unafanya kazi gani na kwa mbinu gani? Mbinu yake kuu ni ugeni wa maelezo. Mambo ambayo msikilizaji anayajua vizuri, garimoshi na kiberiti, yanaondolewa majina yao na kuelezwa kama yanavyoonekana kwa mtu asiyekuwa nayo. Msikilizaji huyatambua baada ya kitambo, na katika kitambo hicho huiona dunia yake kama kitu cha ajabu kilichoingia kutoka nje. Darko Suvin, katika kazi yake ya mwaka 1979 kuhusu bunilizi ya kisayansi, aliuweka ugeni unaoambatana na utambuzi kuwa kiini cha utanzu huo. Msimulizi wa habari za Syokimau ameutumia ugeni huo bila ya kusubiri nadharia.

Uzito wa masimulizi hayo unazidi yakiwekwa katika tarehe. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na reli ikafika Nairobi mwezi wa Mei 1899. Ilipita katika nchi ambayo leo ni Makueni, kwa Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, wakati ule ule ambapo Ukambani ulikuwa katika njaa ya miaka ya 1897 hadi 1899 inayoitwa Ngomanisye, jina linalofasiriwa kuwa njaa iliyoenea kila mahali. Nyoka na njaa walifika pamoja. Kwa hiyo unabii wa Syokimau si hadithi ya maendeleo yaliyotabiriwa, kama unavyosomeshwa mara nyingi. Ni hadithi ya kitu kikubwa kinachopita katikati ya watu wanaokufa, kikitoka kusikojulikana na kwenda kusikowahusu.

Mapokeo hayo yana upande wa pili pia, upande wa matumaini. Mwaka 1922, katika eneo ambalo sasa limo katika Kaunti ya Makueni, Ndonye wa Kauti alitangaza kwamba enzi mpya inakaribia na kwamba utawala wa Wazungu utaondoka. Serikali ya kikoloni haikumchukulia kuwa mtunzi wa ndoto. Ilimkamata na kumhamishia Siyu, katika visiwa vya Lamu, na huko akafa. Tukio hilo linadhihirisha kwamba kesho iliyobuniwa haikuwa mchezo wa akili machoni pa watawala, na kwamba katika Ukambani hadithi ya wakati ujao ilikuwa na gharama kabla hapajakuwa na riwaya hata moja ya Kiswahili yenye maudhui hayo.

NJAA ZENYE MAJINA

Ngomanisye haiko peke yake. Wakamba huzipa njaa zao majina, na kila jina ni hadithi iliyofupishwa. Njaa ya mwaka 1961 inaitwa ya Ndeke, yaani ya ndege, kwa sababu ya chakula kilichodondoshwa kutoka angani. Njaa ya miaka ya mwanzo ya 1980 inaitwa Nikw'a Ngwete, maneno ya mtu anayekufa ilhali ameshika fedha mkononi: pesa zipo, nafaka ya kununua haipo.

Majina haya yastahili kusomwa kama matini. Katika Ndeke kuna picha ambayo mwandishi yeyote wa bunilizi angeionea wivu: watu wanainua macho mbinguni kungoja mvua na wanachopokea kutoka huko ni magunia. Katika Nikw'a Ngwete mna tashtiti nzima ya uchumi wa soko katika maneno mawili. Jamii iliyoaminishwa kwamba fedha ni kinga inagundua siku ya haja kwamba fedha haitafuniki. Mbinu hii ya kuufupisha mfumo mzima wa maisha katika kinaya kimoja ndiyo ile ile inayotumika katika fasihi ya kidistopia. Tofauti ni kwamba hapa kinaya hakikubuniwa.

Mtu aliyekua akisikia nyakati zikitajwa kwa majina kama hayo, fulani alizaliwa njaa fulani, fulani aliolewa njaa fulani, ana uhusiano wa pekee na hadithi za mwisho wa dunia. Kwake mwisho wa dunia una wingi. Umekwisha kuja mara kadhaa, una majina, na kila baada yake wapo walionusurika kuusimulia. Ndiyo maana filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi (2009), inayosawiri Afrika ya Mashariki ya baadaye ambamo maji yamekwisha juu ya ardhi na watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, humfikia msomaji wa Makueni kwa njia nyingine kabisa na inavyomfikia mtazamaji wa mji wenye mabomba yasiyokauka. Wote wawili wataona maji yanayopimwa tone kwa tone na mche mmoja unaotunzwa kama roho. Mmoja ataona mambo yajayo. Mwingine atamwona nyanya yake akifukua mchanga wa mto mkavu hadi maji yajitokeze.

Historia ya Kitui ina mfano mwingine unaoonyesha jinsi mpaka kati ya uhalisi na ajabu unavyomtegemea msomaji. Johann Ludwig Krapf alielezwa na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Kitui, kuhusu mlima mweupe ulio kaskazini, na tarehe 3 Desemba 1849 akauona mwenyewe akiwa Kitui. Taarifa za milima yenye theluji karibu na ikweta zilipofika Ulaya zilishukiwa na baadhi ya wanajiografia kuwa ni uzushi. Jambo lililokuwa la kawaida kwa Kivoi lilisomwa London kama hekaya. Mhakiki anayeitenga kazi ya kubuni na uhalisi kwa mstari mmoja ulionyooka hana budi kueleza mstari huo umechorwa kutoka kiti cha nani.

NCHI ZA KUBUNI: KUTOKA KUSADIKIKA HADI SAGAMOYO

Fasihi andishi ya Kiswahili imekuwa na mkondo wake wa nchi zisizokuwapo tangu mapema. Shaaban Robert, katika Kusadikika (1951), aliisawiri nchi inayoelea angani, ambamo Karama anashtakiwa kwa kutaka kuleta elimu ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita za ulimwengu, wakarudi na maarifa, na kila mmoja akalipwa kifungo. Mpango wa riwaya hiyo ni wa kikatili katika usahili wake: kila safari ni ugunduzi, kila marejeo ni adhabu. Mwaka 1967 Fortunatus Kawegere alitoa Shamba la Wanyama, tafsiri ya kitabu cha George Orwell, na istiari hiyo ya mapinduzi yaliyosalitiwa ikapata makazi katika Kiswahili katika miaka ya mwanzo ya uhuru.

Nchini Kenya mkondo huu umeshikiliwa zaidi na tamthilia, na hasa tamthilia za kutahiniwa. Kifo Kisimani (2001) ya Kithaka wa Mberia iko Butangi, Mstahiki Meya (2009) ya Timothy Arege iko Cheneo, na Kigogo ya Pauline Kea iko Sagamoyo. Vizazi kadhaa vya wanafunzi wa shule za sekondari, wa Kitui na Makueni wakiwamo, vimefunzwa uhakiki kwa nchi zisizoonekana katika ramani yoyote. Yapo maelezo ya kawaida ya jambo hilo, kwamba mwandishi hubuni jina la nchi ili kuepa mkono wa mkaguzi. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Yanaeleza kwa nini mwandishi alibuni. Hayaelezi kwa nini msomaji anapenda.

Kifo Kisimani inatoa mwanga. Mwandishi wake ni mzaliwa wa Tharaka, ng'ambo ya mto Tana kwa mtu atokaye Kitui, na utawala wa Mtemi Bokono unasimama juu ya udhibiti wa visima. Mwelusi, anayedai haki, anauawa kisimani na ndugu yake mwenyewe, Gege. Mhakiki wa mjini huweza kukifasiri kisima kama ishara ya rasilimali za taifa, na fasiri hiyo haina kosa. Lakini katika nchi kame kisima si ishara kwanza. Ni mahali ambapo zamu hugombewa na ndugu hukosana. Ishara inapata nguvu kwa sababu kitu chenyewe kina nguvu. Vivyo hivyo katika Kigogo, Majoka anapolifunga soko la Chapakazi ili mahali pake pajengwe hoteli, msomaji aliyerithi jina la Nikw'a Ngwete anajua tayari kufungwa kwa soko kuna maana gani. Nchi ya kubuni inamrudishia mambo yake yakiwa yamevuliwa majina, kama nyoka wa Syokimau, naye anapata raha ya kuyatambua bila ya kuambiwa.

MFU-HAI NA ZIMWI KATIKA RIWAYA MPYA

Riwaya zinazoitwa mpya au za majaribio, kuanzia Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, zimelaumiwa mara kwa mara kuwa zimemwacha msomaji wa kawaida. Lawama hiyo inahitaji kupimwa kwa mifano, na mifano miwili inatosha.

Katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, K ni mtu wa tabaka tawala ambaye babu yake aliyekufa anamrudia na kumlazimisha kuona uozo wa nchi ambao yeye ni mmoja wa walioutenda. Wahakiki wengi wameusoma ufufuo huo kwa kutumia dhana ya uhalisiajabu iliyotoka Amerika ya Kusini. Ipo njia ya karibu zaidi. Mbiti alieleza kwamba aliyekufa hatoki mara moja katika Sasa. Madhali wapo wanaomkumbuka kwa jina, yeye ni mfu aliye hai, na huingia Zamani pale anapofariki mtu wa mwisho aliyemjua. Babu katika riwaya hii yuko mpakani hapo hasa. Anarudi kwa sababu mjukuu ambaye ndiye kumbukumbu yake amekengeuka, na kumbukumbu hiyo ikifa naye atakufa kifo cha pili. Hofu ya riwaya basi haiko katika kuona mzuka. Iko katika wazo kwamba nchi inayosahau inawaua wafu wake, na kwamba kesho ya nchi hiyo inaonyeshwa na mtu atokaye nyuma. Muundo huo ni wa unabii: kesho inaaminika kwa kuwa anayeisema ni wa zamani.

Mfano wa pili ni Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila. Mhusika mkuu anaondoka kijijini kwao kutafuta chanzo cha maafa yaliyowapata watu wake, na akiongozwa na Hanna anapita katika mabara kana kwamba ni vijiji jirani, Hiroshima ikiwamo. Nyuma ya maafa yote yuko P.P., ambaye wahakiki wamemtambua kuwa ni Peter Pan, kijana wa J. M. Barrie asiyekua, na kumfasiri kuwa ni ubeberu wa zama za utandawazi. Fasiri hiyo inaeleza P.P. ni nani. Kwa nini anatisha ni swali jingine, na jibu lake linapatikana katika ngano za Kikamba zilizokusanywa na Gerhard Lindblom na baadaye na Mbiti katika Akamba Stories (1966). Zimwi la ngano hizo, eimu, hujigeuza mara nyingi kuwa kijana mzuri anayewashinda vijana wote wa kijiji kwa sura na mapambo, na msichana humfuata kwa hiari. Ubaya wake haujitokezi mpaka safari imekwenda mbali. Kijana asiyezeeka wa Barrie na kijana mzuri wa ngano wanakutana katika P.P. mmoja: ujana wa milele ni pambo la zimwi.

Ulinganisho huu unaonyesha pia mahali riwaya inapoiacha ngano. Katika ngano zimwi likishindwa hukatwa kidole, na watu na mifugo waliomezwa hutoka wote wakiwa hai. Mfumo wa dunia ambao P.P. anauwakilisha hauna kidole kimoja cha kukatwa. Msomaji anayetarajia pigo hilo la mwisho anakosa, na kukosa huko ndiko kunakomfanya afikiri. Basi ugumu wa riwaya hiyo si ukuta uliojengwa dhidi ya msomaji wa kawaida. Ni umbali kati ya mwisho anaoujua na mwisho anaopewa, na msomaji wa Kitui anaweza kuupima umbali huo vizuri kuliko mhakiki asiyeijua ngano.

KUTAMBUA NA KUKATA TAMAA

Hapa hapana budi kukabili pingamizi zito. Iwapo mvuto wa fasihi hii ni kutambua yale yaliyokwisha kusimuliwa, je, haimfundishi msomaji kuyakubali? Syokimau hakusema nyoka azuiwe. Alisema atakuja, naye akaja. Unabii una hatari ya kuyafanya yatokanayo na maamuzi ya wanadamu yaonekane kama mvua na kiangazi. Reli haikuwa kiangazi. Iliamuliwa na Bunge la Uingereza, ilitengewa fedha, na ilijengwa kwa mikono ya vibarua ambao wengi wao waliletwa kutoka Bara Hindi. Msomaji anayeridhika na raha ya kutambua anaweza kuyasahau hayo yote.

Pingamizi hili linapata jibu katika Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, mwanasosholojia na mwandishi aliyewahi kuwekwa kizuizini mwaka 1986. Dzombo amehukumiwa kufa. Njia ya kuuawa ni kutiwa katika chombo kinachorushwa angani, ambacho mhukumiwa hajui kukiendesha, na kutokujua huko ndiko kunakomuua. Dzombo anajifunza kukiendesha kikiwa kinakwenda, naye anafika Walenisi, nchi yenye haki na usawa. Jina la nchi ni sentensi iliyofungwa: wale ni sisi. Wahakiki wameshughulika sana na nchi hiyo, na kwa haki wameiona kuwa imepambwa mno, kama zilivyo nchi nyingi za ndoto. Sura zinazoifafanua zina hotuba nyingi kuliko matukio. Nguvu ya riwaya iko kabla ya hapo, ndani ya chombo.

Chombo cha Dzombo kikiwekwa karibu na nyoka wa Syokimau, tofauti inajitokeza. Vyote viwili ni mashine za nguvu za wengine, zinazokuja juu ya mtu asiyeulizwa. Nyoka huonwa kwa nje; watazamaji wake wamesimama kando ya njia. Dzombo yuko ndani, na mashine iliyotengenezwa ili imuue inamgeukia kuwa kipando mara anapojua ifanyavyo kazi. Riwaya inauchukua unabii na kuutia kitu usichokuwa nacho, yaani maarifa ya kuongoza. Utambuzi unabaki kuwa mlango wa kuingilia. Hauwi tena mwisho wa safari.

KONZA KAMA MATINI

Umuhimu wa hoja hii hauishii katika vitabu. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza katika ardhi ya ekari 5,000 iliyokuwa ranchi ya Malili, Makueni, kama mojawapo ya miradi ya Ruwaza ya 2030. Bwawa la Thwake, katika mpaka wa Makueni na Kitui, limekusudiwa kuupatia mji huo maji pamoja na kuwahudumia wakazi wa kaunti. Tangu mwaka 2017 reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi inapita Mtito Andei na Kibwezi, na kituo chake cha Nairobi kiko katika mtaa unaoitwa Syokimau. Jina la nabii limekuwa tangazo la kituo, na nyoka wa pili amepita katika njia ya wa kwanza.

Michoro ya mji ambao haujakamilika, yenye majumba ya vioo na miti iliyopangwa, ni bunilizi ya wakati ujao kwa maana kamili. Ina mandhari, ina wahusika, ina mwisho mwema, na ina msimulizi ambaye hajitaji. Kusema hivyo si kuupinga mradi. Ni kusema kwamba matini ya namna hiyo inahitaji wasomaji waliozoea kuuliza maswali ya kihakiki: kesho hii inasimuliwa na nani, nani amewekwa pembeni ya picha, maji yatakwenda wapi kwanza, na mwenyeji wa Malili ni mwendeshaji wa chombo au ni mtazamaji aliyesimama kando ya njia. Raia aliyesoma Butangi, Sagamoyo na Walenisi kwa makini ana maswali hayo tayari. Aliyevisoma ili kujibu mtihani tu huenda asiwe nayo.

HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kubainisha kwamba mvuto wa fasihi ya nchi na nyakati za kubuni kwa msomaji wa Kitui na Makueni una mizizi katika tanzu alizozirithi: unabii unaoiweka kesho ndani ya zamani, majina ya njaa yanayoufupisha mfumo mzima katika kinaya, na ngano za zimwi linalovutia kabla ya kumeza. Tanzu hizo zinamfanya msomaji huyo kuwa hodari wa kutambua. Riwaya na tamthilia bora za mkondo huu humpokea kwa utambuzi huo, kisha humnyima faraja ya mwisho anaoujua, au humweka ndani ya chombo na kumwachia usukani.

Kuhusu dai la Mbiti, ushahidi wa fasihi unaelekea kwenye marekebisho, si kukanusha kabisa. Aliona vyema kwamba Zamani ndiyo hazina ya mamlaka katika mapokeo aliyokulia. Alilolipuuza ni kwamba kutoka katika hazina hiyo jamii ya kwao ilikuwa ikichota kesho, tena kesho za mbali, na kuzitumia kuipima Sasa.

Yapo mambo mawili yanayofuata kwa wahakiki na walimu. Kwanza, masimulizi ya Syokimau, ngano za mazimwi na majina ya njaa yafundishwe darasa moja na Kusadikika na Bina-Adamu!, si katika kozi ya fasihi simulizi isiyokutana kamwe na ya riwaya. Pili, lawama ya ugumu dhidi ya riwaya mpya isitolewe tena pasipo kutaja ni msomaji yupi aliyeshindwa na ni tanzu zipi alizokuwa nazo alipoanza kusoma. Utafiti wa nyanjani kuhusu usomaji katika shule na maktaba za kaunti hizi mbili ungeyapa maswali haya majibu ambayo uchambuzi wa matini peke yake hauwezi kuyatoa, na idara za Kiswahili zilizo karibu zina wanafunzi wa uzamili wanaoijua Kikamba na Kiswahili kwa kiwango cha kuifanya kazi hiyo.